Flashi ya Mama Eliza

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Watu huniuliza kama fundi simu naye hustaafu. Mimi huwajibu kwamba wa ofisini hustaafishwa na barua, wa mezani hustaafishwa na macho. Skrubu zimezidi kuwa ndogo, au mimi nimezidi kuwa mzee. Nimeamua kuzilaumu skrubu. Zuhura, fundi wa pale Dumila ambaye nilimfundisha kazi, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki mezani mambo ambayo hayamo kwenye video za mtandaoni. Nitaandika niwezavyo. Kama mnatafuta namna ya kutajirika kwa bisibisi, ulizeni kwingine, maana duka langu lilikuwa la mabati siku ya kwanza na lilikuwa la mabati siku ya mwisho.

Nilianzia Kilosa mjini, kwa Mzee Salehe, fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, nikidhani nitakabidhiwa vifaa. Mzee Salehe alinipa redio iliyokufa akaniambia niinuse. Nikainusa. Akaniuliza inanuka nini, nikasema vumbi. Akasema, "Basi haijaungua. Ikiungua utajua, maana inanuka kama kwato za mbuzi zikichomwa." Siku nzima nilinusa redio za watu. Jioni nikaenda nyumbani na pua nyeusi na shati likiwa bado safi, na mama akaniuliza kama kweli nilikuwa kazini.

Kwake nilijifunza kulehemu kwa chuma kinachopashwa moto kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa umeme ulikuwa unakuja kwa hiari yake. Nilijifunza pia kuua chaji. Ndani ya redio kubwa kuna kapasita, kidude kinachohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na ukikigusa kikiwa kimejaa kinakurusha. Mzee Salehe alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye miguu yake miwili kwa pamoja. Inasikika "ta", chaji imekufa, unaendelea na kazi. Alifanya hivyo bila kuangalia, huku akiongea na wateja.

Jambo la tatu alilonifundisha ni la maneno. Siku moja bwana mmoja alitoka Kidete kwa treni, redio akiwa ameipakata njia nzima, akasema haishiki stesheni. Mimi nikaiwasha, ikashika vizuri, nikamwambia, "Mzee, redio yako nzima." Yule bwana alinuna. Mzee Salehe akaichukua, akaifungua, akaifuta vumbi, akakaza skrubu moja ambayo haikuwa imelegea, akamrudishia. Alipoondoka, mzee alinigeukia. "Mtu ametoka mbali na mzigo wake, wewe unamwambia ni mzima. Umemwambia yeye ni mjinga. Usimwache mteja aondoke na kitu kilekile alichokuja nacho. Mfanyie kitu." Niliiona hiyo ni hekima kubwa, na nikaishi nayo kwa miaka mingi. Wateja walinipenda kwa ajili yake.

Simu zilipoanza kuingia, Mzee Salehe alizitazama akasema hazina mahali pa kunusa. Alibaki na redio zake mpaka alipofariki, na mimi nikahamia Mikumi. Pale kuna barabara kuu, kuna hifadhi, kuna madereva wa watalii, na dereva wa watalii hawezi kukaa saa moja bila simu. Simu nyingi za Mikumi ziliharibiwa na tembo, ingawa sikuwahi kuona hata moja iliyokanyagwa. Mtu anamwona tembo kwa karibu, anarudi nyuma, simu inaanguka juu ya jiwe. Nilibadilisha vioo mpaka nikawa navifahamu kwa kuvigusa tu.

Mmoja wa madereva hao alikuwa Yohana, mtu wa Mamboya, mrefu, mwenye kuongea taratibu kana kwamba maneno ni ya kuazima. Alipewa simu na mgeni wake mmoja aliyekuwa anaondoka, simu yenye flashi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Alipoileta, flashi ilikuwa imekufa. Nilipoifungua nikakuta, kando ya betri, kibapa cha fedha chembamba kama biskuti. Nikadhani ni kapasita kama zile za redio. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikaweka ncha ya bisibisi kwenye miguu yake miwili kwa pamoja. Kumbe kilikuwa bado na chaji yake, kilichokatika ni waya wa taa tu. Sikusikia "ta". Nilisikia mlio mwingine kabisa, na bisibisi langu zuri likatoka na ncha iliyoliwa kama muwa. Yohana akaangalia bisibisi, akaniangalia mimi, akasema, "Fundi, hiyo nayo ni sehemu ya matengenezo?"

Kibapa kile kinaitwa supakapasita. Kwa ninyi ambao hamjakutana nacho, nitaeleza kwa bomba la maji la Kilosa, lile linalodondosha. Huwezi kuoga chini yake. Lakini ukitega ndoo ukaiacha ijae polepole, unaweza kujimwagia maji yote kwa mara moja. Betri ya simu ni bomba hilo. Ukiidai itoe umeme mwingi kwa ghafla ili iwashe taa kali, inaishiwa nguvu na simu inazimika mkononi. Kwa hiyo waliotengeneza simu ile waliweka ndoo: supakapasita inajazwa polepole na betri, halafu unapobonyeza kupiga picha, inamwaga umeme wote kwenye zile taa ndogo za LED. Mwanga wake ulikuwa mfupi na mkali mno. Nilipouunga ule waya, Yohana alipiga nao picha ya chui juu ya mti wakati giza linaingia, na kila unywele ulionekana.

Miaka michache baadaye nilirudi Kilosa kumuuguza mama, nikafungua duka langu la mabati hukohuko. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa hakika ndilo ninaloliandikia haya yote. Mengine nimeyaweka mbele kama mtu anayezunguka nyumba kabla ya kubisha hodi.

Asubuhi moja aliingia mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Nikaitambua simu kabla sijamtambua yeye.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Simu hii si ya Yohana?"

"Ni kaka yangu. Alinipa nilipojifungua, nimtumie picha za mjomba wake." Hivyo ndivyo wanavyosema kwao, mjomba na mpwa wote ni wajomba. "Mimi ni Mama Eliza, nimetoka Mamboya. Kaka amesema hii simu wewe ndiye unayeijua tumboni."

Nikamuuliza tatizo. Akanionyesha picha. Zilikuwa za mtoto, zote zimepigwa ndani ya nyumba, jioni. Mtoto wa mwaka mmoja hivi, mashavu yamejaa, anacheka. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kidogo katikati, kama mnavyojua flashi inavyofanya. Jicho la kulia lilikuwa jeupe, linang'aa.

"Flashi imeharibika," akasema. "Mwanangu anatoka na jicho la paka. Nikimtumia baba yake anacheka, lakini mama mkwe ameanza maneno. Anasema mtoto ametupiwa kitu. Naomba unitolee hilo jicho, fundi."

Nikaichukua simu nikajipiga picha mwenyewe. Macho yangu yalitoka ya kawaida, mabaya kama yalivyo. Nikampiga jirani yangu muuza vitenge. Naye sawa. Nikapima betri, sawa. Supakapasita ilikuwa inajaa na kumwaga kama siku ya kwanza. Mimi, niliyefundishwa kunusa, sikunusa kitu. Nilikuwa na mteja aliyetoka Mamboya mlimani, akateremka mpaka Dumila, akapanda basi mpaka Kilosa na mtoto mgongoni. Ningemwambiaje kwamba simu yake ni nzima?

Nikamfanyia kitu. Karibu na taa ya flashi kuna rezista, ndogo kama punje ya mtama, ndiyo inayoamua taa inywe umeme kiasi gani. Niliitoa nikaweka nyingine iliyobana zaidi. Flashi ikafifia, ikawa kama za simu nyingine zote. Tukampiga mtoto picha, jicho jeupe halikuwepo. Mama Eliza akashukuru mara tatu. Ile rezista ya zamani niliibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko, kama ilivyo desturi yangu, na siku hiyo nilikula chakula cha mchana nikiwa nimeridhika sana na ufundi wangu.

Alirudi baada ya masika. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Safari hii hakuwa na haya.

"Fundi, nirudishie mwanga wangu. Eliza amebatizwa, kanisa letu ni la mawe, ndani giza. Picha zote nimepata kanzu ya mchungaji tu. Hata mtoto aliyembeba haonekani."

Nikacheka, naye akacheka. Nikarudisha rezista ya zamani. Ili niijaribu vizuri, nikashusha pazia la mlangoni, duka likawa giza kama kanisa la Mamboya. Nikamwambia ampakate mtoto waangalie huku wote wawili. Nikabonyeza.

Picha ilikuwa nzuri. Mama anatabasamu, mtoto ameshangaa. Macho manne. Matatu yalikuwa ya kawaida, na la kulia la Eliza lilikuwa jeupe kama sahani.

Nilikaa nikiitazama picha ile kwa muda ambao Mama Eliza aliuona ni mrefu, maana aliniuliza kama imekataa. Nilikuwa nawaza kifundi tu, sikuwa na elimu nyingine. Mwanga ni mmoja, umetoka kwenye taa moja, kwa wakati mmoja, umepiga nyuso mbili. Kama kosa liko kwenye taa, litaonekana kila mahali taa ilipofika. Flashi haichagui jicho.

Nikafanya ninavyofanya kwenye saketi nisiyoielewa: nikatenga upande mmoja. Nilimpa Eliza kifuniko cha simu chekundu achezee, halafu nikamziba jicho la kulia kwa kiganja. Aliendelea kucheza. Nikaziba la kushoto. Akaacha kucheza, akalia, akausukuma mkono wangu, akawa anakitafuta kifuniko kwa kupapasa huku kiko mapajani pake.

Mama Eliza aliona. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Haoni," akasema.

"Jicho hilo haoni. Simu yako haijawahi kuumwa, mwanangu. Twende hospitali."

Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilizungumza kwa wiki nzima. Hospitali ya hapo ikatuandikia barua ya hospitali kubwa, na nikampigia Yohana, akaja na gari kutoka Mikumi, tukaenda wote. Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa watoto wangu. Alimulika jicho la Eliza kwa muda mrefu, akatuita ndani akatuambia bila kuzunguka: kuna uvimbe ndani ya jicho, ni saratani inayowapata watoto wadogo, jicho litabidi litolewe. Akaongeza kwamba bado haijatoka nje ya jicho kwa kadiri anavyoona, na kwamba watoto wanaowahi hivi wengi wanapona.

Nilisubiri Mama Eliza atoke, nikabaki nyuma. Nikamuuliza, "Daktari, angekuja ile miezi mitano iliyopita, jicho lingebaki?"

Akanitazama. "Sijui, mzee. Pengine lingebaki, pengine lisingebaki. Miezi mingine mitano, tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Kwa nini unauliza?"

Sikumjibu yeye. Aliyestahili jibu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ananyonyesha. Nilikaa karibu naye. Kwa kweli nilitamani kuondoka. Nilifikiria kwamba hatajua kamwe, kwamba mambo ya rezista ni lugha asiyoisikia, kwamba tayari ananiita mwokozi wa mtoto wake na jina hilo lina raha yake. Mpaka leo naona aibu kwamba nilifikiria hivyo, lakini ninyi ni mafundi wenzangu, siwafichi.

"Mama Eliza," nikasema, "ile mara ya kwanza sikutengeneza kitu. Hakukuwa na kitu cha kutengeneza, na nilikuwa nimeshapima nikajua. Nilipunguza mwanga ili lile jicho lisionekane. Simu ilikuwa inakuambia, mimi nikaiziba mdomo."

Muuguzi akatoka akaita jina la mtu mwingine, mtu huyo akaingia, mlango ukafungwa. Mama Eliza alikuwa anamfuta mtoto maziwa mdomoni kwa upindo wa kanga.

"Na mimi nilifurahi lilipopotea," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimeanza kuogopa kumtazama mwanangu, fundi. Ukanipa picha nzuri, nikamkimbilia mama mkwe nazo. Nikamwambia, unaona? Unaona sasa?" Akanisogezea mtoto. "Nibebee kidogo, mikono imekufa ganzi."

Nikambeba Eliza. Nililia, mzee mzima, na mtoto akawa anashika machozi kwa vidole kama anayekamata sisimizi.

Jicho lilitolewa wiki ileile. Akawekewa dawa za mshipa kwa miezi, nywele zikaisha, zikaota tena, zikawa nyingi kuliko za mwanzo. Sasa yuko darasa la tatu. Ana jicho la kuwekewa ambalo huwezi kulitambua mpaka akuonyeshe, na huwa anaonyesha, hasa watoto wenzake wakati wa kula, kitabia kibaya ambacho mama yake ameshindwa kukikomesha. Kwa mbio hakuna anayemshinda shuleni. Yule bibi aliyekuwa na maneno ndiye anayemsuka.

Mimi nilirudi mezani nikiwa mtu mwingine. Mzee Salehe alinifundisha mengi na ninamuombea kwa Mungu kila siku, lakini ile kanuni yake niliiacha palepale hospitalini. Kitu kikiwa kizima, nasema ni kizima. Wapo walionuna. Wapo waliokwenda kwa fundi mwingine akawafutia vumbi, wakarudi kunisimulia jinsi alivyo bingwa.

Na ninyi nawaomba hili moja. Mzazi akija akasema flashi inaharibu jicho la mtoto, izuieni mikono yenu. Wapigeni picha wawili pamoja, gizani, mara mbili tatu. Kama weupe unamfuata mtoto tu, msifungue simu. Mpelekeni. Mara nyingine ni pembe tu ya mwanga, haina neno; nimewahi kuwatuma watu hospitali wakarudi wakinilaumu kwa kuwapotezea siku. Nililaumiwa kwa furaha. Hilo la kuamua kama ni ugonjwa au si ugonjwa ni la daktari, halina bisibisi.

Wiki mbili baada ya kufunga duka, nikiwa nyumbani najifunza kukaa bure, Zuhura akanipigia kutoka Dumila.

"Shikamoo, mwalimu. Nina mama hapa, ametoka Kidete, mtoto ana miezi saba. Amekuja na simu, anasema flashi mbovu. Nimewapiga picha wote wawili nyuma ya pazia." Akashusha sauti. "Ni mtoto peke yake. Simu sijaifungua. Lakini mama amegoma. Anasema yeye amekuja kwa fundi, haendi hospitali kwa sababu ya picha. Nimwambieje?"

Nikamwambia amkalishe, ampe chai, asimruhusu apande gari. Nikampigia Mama Eliza kule Mamboya nikaanza kumweleza. Hakuningoja nimalize, aliuliza tu wako wapi, simu ikakatika. Nikadhani chaji imeisha.

Mchana Zuhura akapiga tena. Aliiacha simu wazi nisikie. Palikuwa na makelele ya stendi, wauza mahindi, honi. Halafu nikasikia sauti ya Mama Eliza, ikiwa imechoka kwa mwendo wa kuteremka, inamwambia mtu aliyekuwa analia.

"Nipe mtoto nimbebe, mwenzangu. Wa kwangu yuko shuleni. Twende, mlango mimi naujua."